Maswali ya Wasomaji: Bodi Gani ya Foili kwa Upepo Mdogo na Daunwindi Hapa Mombasa?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu jambo moja, bodi za foili, na karibu zote zatoka kwa watu walioshika bawa kusi iliyopita na sasa wamefika ile hatua ya kutaka zaidi. Siku za upepo wa noti 20, noti ni kipimo cha spidi baharini, washazizoea, zile siku za upepo wa kubembeleza ndio wanakaa ufuoni wakitazama maji. Nimechagua tano. Kwa msomaji mgeni: bawa ni lile tanga la kujazwa hewa unalolishika kwa mikono miwili, halifungwi popote kwenye bodi. Foili ziko chini majini kwenye ncha ya mlingoti ulioshikana na bodi, kubwa mbele na ndogo nyuma, ukipata spidi zinakuinua na bodi yote inatoka majini. Na daunwindi ni kwenda na upepo mgongoni ukipanda tuta moja la bahari baada ya jingine, bawa umelilegeza tu mkononi, ama huna bawa kabisa, una kafi.

SWALI: Salaam kaka. Nina kilo 82, nakaa Nyali, bodi yangu ni futi 5 inchi 2, upana inchi 27, lita 110, na bawa langu la mita za mraba 5. Kusi ikishika mchana sina shida, naruka mpaka karibu na magharibi. Lakini miezi ya malelezi, kati ya kusi na kaskazi, na asubuhi nyingi tu, upepo ni noti 9 au 10 na bodi haitoki, nasukuma maji mpaka miguu yatetemeka. Pia nataka kuanza daunwindi, niingie Nyali niteremke hadi Shanzu. Nimeambiwa ninunue bodi kubwa zaidi, lita 130. Je, bodi moja yatosha kwa yote mawili, na nichukue ipi? – Msomaji wa Nyali

JIBU: Ndugu yangu, kama hio ya lita 130 ni fupi na pana kama uliyonayo, wachana nayo. Lita, yaani ujazo wa bodi unaokuelesha, unazo tayari. Kilo 82 juu ya lita 110, hata ukiongeza uzito wa foili na laifujaketi na nguo zilizolowa bado waelea vizuri, ukiongeza lita 20 zingine utaelea zaidi lakini kutoka majini hutatoka mapema kwa kiasi cha kukufurahisha. Kinachokukwamisha ni umbo.

Iko hivi. Nguvu ya foili inakua kwa mraba wa spidi, yaani spidi ikizidi mara mbili nguvu ya kuinua inazidi mara nne, kwa hio chini ya spidi fulani ile foili ni mzigo tu unaouburuta, na ukivuka hapo unapaa ghafla. Kwa mtu wa uzito wako na foili ya kadri, hapo pako kama noti 7 au 8. Sasa bodi ikiwa bado imelala majini inatengeneza wimbi lake yenyewe, na bodi fupi pana inakwama nyuma ya wimbi hilo, pua imepanda mkia umezama, na zile nguvu kidogo za upepo wa noti 10 zote zinaishia kusukuma maji. Ukiirefusha bodi na kuipunguza upana, lile wimbi linakuwa dogo na bodi inapita bila kugoma. Tazama mtumbwi wa mvuvi pale Mtwapa ulivyo mwembamba, na vile mzee mmoja anaupeleka kwa kafi moja akiwa na samaki ndani, na hachoki.

Bodi hizi ndefu nyembamba zilipata nguvu miaka ya mwanzo ya 2020 kule Maui, Hawaii, ambako watu hushuka na upepo kutoka Maliko hadi Kahului, na Dave Kalama alikuwa katika waliozitoa mapema na bodi yake ya Barracuda. Zilitengenezwa kwa ajili ya kafi. Wenye mabawa wakaja kugundua kwamba zinatoka majini kwa upepo ambao bodi zao haziwezi hata kusogea, na ndio sasa waona karibu kila kampuni ina bodi yake ya urefu wa kati.

Kwa hio kabla ya bodi moja au mbili, jiulize kwanza: siku ya daunwindi, ni nini kitakachokutoa majini, bawa au kafi? Hapo ndipo penye uamuzi wote, manake bodi inafanya kazi yake kubwa katika zile sekunde chache za kuondoka. Ukishapaa, foili ndio inabeba kila kitu na bodi unaisikia tu kama uzito miguuni, na hapo ungetamani iwe fupi kabisa. Kila bodi ya foili ni maafikiano kati ya hayo mawili, kuondoka kwa urahisi na kuwa nyepesi hewani, na anayekuambia ana bodi isiyopoteza upande wowote anataka kukuuzia.

Ukisema bawa, yaani unaanza na bawa, ukipata tuta unalilegeza na kulishika kwa kile kishikio cha mbele likipepea nyuma yako, tuta likikuacha unalijaza upepo tena, basi bodi moja yatosha. Tafuta futi 6 na inchi 4 hadi 8, upana inchi 21 au 22, lita 95 hadi 105. Usishuke chini ya uzito wako wa kilo ukiwa na vifaa vyote, hilo nalisisitiza, manake upepo mdogo ndio ule unaokufa ghafla, na ukifa ukiwa mbali bodi inayozama chini yako haikurudishi nyumbani. Bodi ya lita za kutosha unaipigia magoti, bawa unalilaza mbele au unalitoa hewa, unapiga maji kwa mikono pole pole.

Ukisema kafi, hio ni habari nyingine. Kafi haina nguvu ya kudumu, unapiga kama mapigo kumi au kumi na tano ya nguvu zako zote tuta likija nyuma yako, na ama umetoka ama umechoka. Hapo wataka futi 7 na inchi 6 hadi futi 8, upana inchi 20 au 21, lita 110 hadi 120. Bodi hio ukiishika na bawa kwenye noti 9 itakushangaza, hakuna inayotoka mapema kuliko hio. Lakini kusi ikifika noti 20 utaichukia, pua ndefu inapigwa na upepo, ukigeuka uzito wa mbele unausikia mwilini, na kwenye wimbi inayumba ukiisukuma upande.

Ushauri wangu kwako mwenyewe: chukua ile ya kati, karibu futi 6 na inchi 8, na usiuze ya zamani, iache kwa siku za Julai upepo ukivuma sawasawa. Daunwindi anza na bawa. Kafi ni ufundi peke yake, unachukua muda mrefu mtu kuupata hata kama bawani ni hodari, na huna haja ya kuubeba pamoja na kujifunza bahari ya nje. Mwaka ujao ukiwa umenogewa ndio utafute ya kafi.

Sasa pesa iliyobaki usiimalize kwenye bodi, na hapa wengi wanakosea, wananunua bodi ya kaboni ya bei mbaya wakarudi na foili ileile ndogo ya sentimita za mraba 900 na bawa lilelile. Kwa kilo 82 na noti 9, bawa la mita 5 ni dogo, tafuta mita 6 na nusu au 7. Foili ya mbele iwe kama sentimita za mraba 1,300 hadi 1,500, ndefu na nyembamba, manake hizo ndizo zinateleza mbali ukishapaa na zinapampika, yaani ukizichezesha kwa miguu zinaendelea kwenda. Ubaya wake ni kwamba ukienda taratibu mno zinakata nguvu ghafla bila kukuonya, na ncha yake ikitoka majini kwenye kona unaanguka, kwa hio jipe muda nazo. Kama kuna mtu ufuoni ana foili kubwa kuliko yako, mwombe uijaribu chini ya bodi uliyonayo kabla hujatoa hata shilingi. Yawezekana nusu ya shida yako ikaisha siku hio hio.

Ukiwa dukani au watazama picha, angalia mambo haya zaidi ya namba. Chini ya pua iwe ya mviringo kidogo ili isizame kwenye tuta la mbele, katikati iwe bapa kiasi upate kusimama bila kutetemeka. Mkia uwe mwembamba na umekatwa kupanda juu, manake wakati wa kuondoka unakanyaga nyuma kuinua pua, mkia mnene unagonga maji na kukuzuia palepale. Pale pa kusimama pakiwa pamezama kidogo ndani ya bodi ni vizuri, unakuwa karibu na maji. Na zile reli mbili za kufungia mlingoti ziwe ndefu uweze kuusogeza mbele na nyuma. Siku ya kwanza ufunge katikati, alafu sogeza sentimita moja tu kwa wakati. Ukiona mguu wa mbele wachoka kukandamiza, foili iko mbele mno, irudishe nyuma.

Kutoka inchi 27 kwenda 21 utaanguka sana mwanzoni. Usikate tamaa. Fanya mazoezi ndani ya mwamba, yaani upande wa ufuo, maji yakiwa yamejaa, miguu usiitanue kama ulivyozoea, mmoja mbele mmoja nyuma karibu na mstari wa katikati, na bawa lijaze upepo mapema manake ndilo linakushikilia.

Na hio safari yako. Kusi yatoka kusini na kusini mashariki na pwani yetu yaelekea kaskazini mashariki, kwa hio kutoka Nyali kwenda Shanzu kweli inakusukuma, si mbali, ni kama kilomita kumi. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, unaigeuza safari, unaanzia Shanzu unashukia Nyali. Matuta ya maana yako nje ya mwamba, ndani ni viwimbi tu, vizuri vya kujifunzia. Ila ukiwa nje, ule upepo pia unakusogeza polepole kuelekea mwamba unapovunja, na ukianguka hapo maji yakiwa yamepwa ni hatari kubwa. Mlingoti wa sentimita 80 na foili yake unahitaji zaidi ya mita moja ya maji chini yako, na bamvua kubwa hapa Mombasa maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, pale ulipopita maji yakiwa yamejaa, baada ya kama masaa sita waweza kukuta mawe makavu. Angalia jedwali la maji la Kenya Ports Authority, panga ufike mwisho wa safari maji bado yamejaa, na milango ya kuingilia, yaani mianya ya mwamba, uijue kwa kuonyeshwa na wavuvi kabla, siyo kuitafuta siku hio. Usianzie ng'ambo ya Likoni, hio ni njia ya meli za Kilindini na meli haiwezi kukukwepa. Na eneo lenyewe ni hifadhi ya bahari ya Mombasa tangu 1986, pita ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, uulize ada na sehemu za kuingilia.

Hizo asubuhi unazosema, kuwa makini sana. Upepo wa alfajiri mara nyingi ni umande, unatoka nchi kavu kwenda baharini, maji yanaonekana shwari kama hakuna neno kumbe unasukumwa nje na kadri unavyotoka nje ndio unavyolegea. Ukitoka bila nguvu za kurudi, hakuna ufuo mbele yako. Umande usiutokee na bawa. Subiri ugeuke uingie kutoka baharini, hata kama ni noti 9 hizo hizo.

Na daunwindi usiende peke yako. Kamba ya bodi ifungwe kiunoni, siyo mguuni, na uwe na uhakika nayo, manake ukitenganishwa na bodi huko nje upepo unaipeleka kuliko uwezavyo kuogelea. Laifujaketi, helmeti, simu ndani ya mfuko usioingia maji, na mtu wa nchi kavu anayejua umetoka saa ngapi na utatokea wapi. Kwa safari za mwanzo lipa mashua ya wavuvi iwafuate. Hio pesa ni ya maana kuliko kaboni yoyote.

SWALI: Asalaam aleikum kaka, mume wangu ana bodi ya daunwindi ya futi 7 inchi 10, upana inchi 20 na nusu, lita 120. Mimi nina kilo 56, naruka na bawa vizuri na sasa nafunzwa kafi. Yeye asema tutumie hio hio moja kwani kubwa ni rahisi zaidi. Mbona mimi naiona ngumu kushinda yangu ndogo? – Dada wa Bamburi

JIBU: Wa aleikum salaam dada yangu. Ni kweli ni ngumu kwako, na kwake ni rahisi, nyote wawili mwasema kweli. Bodi ya lita 120 kwa mtu mzito, tuseme wa kilo 82, imekaa ndani ya maji kidogo, maji yenyewe yanaishika isiyumbe. Kwa kilo 56 imekaa juu juu, kila kiwimbi kinaichezea na upepo unaigeuza pua, na ukitaka kukanyaga mkia ili uondoke huna uzito wa kuukanyaga. Alafu ukipaa wabeba bodi nzito na ndefu kuliko mahitaji yako.

Kwako kwa kafi ningetafuta futi 6 inchi 10 hadi futi 7 na inchi 2, upana inchi 19 au 20, lita 80 hadi 88. Ukiwa mwanzo wa kafi nenda kwenye 88, siyo 80. Kwa bawa peke yake kwenye upepo mdogo, futi 5 inchi 10 hadi futi 6 na inchi 2, lita 65 hadi 75. Foili ya mbele sentimita za mraba 900 hadi 1,100 yakutosha, ile kubwa ya mumeo itakuinua mapema ndio, lakini ukipata spidi kwenye tuta itaendelea kukupandisha mpaka itoke majini na utaanguka bila kujua kwa nini. Bawa mita 5, siku mbovu kabisa mita 5 na nusu. Usichukue kubwa zaidi ya hapo kama mikono yako haifiki mbali, ncha ya bawa inagusa maji kila ukijaribu kusimama na hapo ndipo nguvu zinaishia.

Wewe una faida ambayo mumeo hana, dada. Mtu mwepesi anatoka majini kwa tuta dogo sana. Zile siku ambazo ndani ya mwamba maji yamejaa na kusi ni noti 14 au 15, ambazo yeye anaziona hazina kitu, wewe ukiwa na bodi ya uzito wako wateleza humo humo ndani bila kwenda nje.

SWALI: Bodi mpya na foili yake mpya nimeona ni zaidi ya laki tano, siwezi. Nimepata ya mkono wa pili kwa mgeni anayeondoka, na rafiki mwingine aniambia niagize ya kutumika kutoka Ulaya. Niangalie nini? – Msomaji wa Kilifi

JIBU: Chukua ya mgeni, kama ni nzima. Ya Ulaya bei yake kwenye tangazo siyo bei yake Mombasa. Bodi ya futi 7 ikija kwa ndege wanakutoza kwa nafasi inayochukua siyo kilo zake, alafu unapigwa ushuru, kisha VAT ya asilimia 16, kisha wakala wako wa kliaringi naye. Mpigie wakala kwanza akupe hesabu kamili ndio uamue. Njia nzuri zaidi ni kutembea Diani na hapo hapo Kilifi mwisho wa msimu, wageni wengi hawataki kurudi na mizigo mirefu.

Ukienda kuiona, beba mizani ya kupimia mizigo. Uliza au tafuta uzito wake ilipokuwa mpya, ikizidi kilo moja au mbili imekunywa maji, na bodi iliyokunywa maji haikaushiki kirahisi. Gonga sehemu ya kusimama kwa vifundo vya vidole, mlio ukibadilika ghafla ukawa wa utupu, ngozi imebanduka ndani. Alafu igeuze, na hapo ndipo nataka ukae muda mrefu: zile reli za mlingoti. Foili ina nguvu ya kuvunja, kila ukianguka mlingoti unazing'oa reli kidogo kidogo, kwa hio tazama kama kuna ufa wowote mwembamba umezunguka pale, hata wa unywele, bonyeza kwa kidole gumba uone kama unacheza. Ukiwepo, ondoka. Sehemu nyingine zote zarekebishika, hio ni kazi kubwa na haina hakika.

Mlingoti ukiwa wa alumini, fungua skrubu zake zote mbele ya muuzaji. Alumini na chuma na kaboni ndani ya maji ya chumvi zinalana, kama haikuwa ikifunguliwa na kupakwa grisi utakuta imeshikana kama imechomelewa, na ukilazimisha inakatika. Namna ya kufungia mlingoti kwa bodi nyingi ni sawa, reli mbili na skrubu nne, kwa hio mlingoti wa kampuni moja unaingia bodi ya nyingine. Lakini foili zenyewe na fuselaji, kile kijiti kinachounga foili ya mbele na ya nyuma, haziingiliani, ukinunua foili peke yake ya kampuni isiyo yako umenunua pambo.

SWALI: Mwanangu, kijana wangu ana miaka 15, anaogelea vizuri, kilo 50, na kila siku ananionyesha hizo bodi nyembamba kwenye simu. Hajawahi kusimama juu ya foili. Nimnunulie hio hio moja kwa moja ili nisitoe pesa mara mbili? – Mzee wa Likoni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hapana, usimnunulie bado, na usimnunulie chochote kwanza. Kijana wa kuanza anahitaji bodi pana, inchi 28 au zaidi, lita 85 hivi kwa uzito wake, na hio ataitumia miezi michache tu, kwa hio bora akodi au aazime pamoja na mwalimu. Kuna shule za kaiti, lile tanga la kuvutwa kwa kamba, huko Diani zinazofundisha bawa na foili pia. Siku za mwanzo ashike bawa juu ya bodi kubwa isiyo na foili, ajue upepo unatoka wapi na arudi alipoanzia, kisha ndio foili kubwa ya pole pole yenye mlingoti mfupi. Akishaweza kugeuka pande zote mbili bila kuanguka, mwite akae nawe mchague hio nyembamba, na kwa kuwa sasa ana kilo 50 na kila mwaka anaongezeka, mchukulie ya lita za kumzidi kidogo, atazifikia.

Helmeti asiivue, mzee, hata maji yakiwa shwari. Foili ni kisu chenye uzito.

SWALI: Nakaa gorofani Tudor, nafasi sina. Bodi ya kujaza hewa yafaa kwa daunwindi? Na niliyonayo ya zamani imepasuka mkia, fundi wa boti aweza kuiziba? – Msomaji wa Tudor

JIBU: Ya kujaza hewa kwa bawa ndani ya mwamba, sawa, zipo nzuri siku hizi zenye bamba gumu pale mlingoti unapofungwa. Kwa kafi na kwa upepo mdogo siipendekezi. Inanepa. Ile nguvu unayoitoa kwa miguu ukipampu inapotelea kwenye mpira kabla haijafika kwenye foili, na kingo zake nene za mviringo zinashika maji badala ya kuyaachia. Kama nafasi ni tatizo, uliza kwa wavuvi wa karibu au hoteli ya ufuoni wakuwekee kwa malipo ya mwezi, ila iwe kivulini. Bodi nyeusi ya kaboni ikikaa juani hewa ya ndani inapanuka na ngozi inabanduka, na kile kiskrubu kidogo cha kupumulia, kama bodi yako si ya ile aina inayojipumulia yenyewe, kilegeze ukitoka majini na ukikaze kabla hujaingia.

Kuhusu mkia, mafundi wa faiba wa boti hapa ni hodari sana, lakini mwambie kwa sauti kabla hajafungua mkebe: bodi hizi nyingi ndani zina povu jeupe jepesi kama la kwenye maboksi ya televisheni, na ile resini ya kawaida ya boti, ya poliesta, inaliyeyusha povu hilo, utarudi ukute shimo mara tatu ya lile la mwanzo. Atumie epoksi tu. Na kabla ya hapo bodi isimame mkia chini, mahali pakavu penye upepo, mpaka maji yaache kabisa kutoka, uiweke kwenye mizani leo na tena baada ya siku kadhaa, uzito ukiacha kushuka ndio umpelekee.